Kihispania cha mtaani na matusi yake: jinsi ya kujifunza nchi kwa nchi bila kujichongea

Maswali ni yale yale. Mtu kamaliza masomo ya kwenye simu, anajua kusema naitwa fulani, naomba maji, choo kiko wapi, afu anaingia kazini na watu wa Honduras au anaangalia mechi na washkaji wa Madrid anakuta hashiki hata sentensi moja, anarudi anauliza hivi hawa wanaongea lugha gani. Wanaongea Kihispania hicho hicho ila cha mtaani. Na swali linalofuata huwa ni "nipe matusi basi". Nitakupa, ila kwa utaratibu, maana Kihispania ni lugha ya nchi kama 20 na kitenzi ambacho bibi wa Madrid anakitumia kumwambia mjukuu achukue koti lake, ukikisema Buenos Aires umeongelea mambo ya chumbani.

Kitu kimoja nataka ukishike tangu sasa: neno la mtaani lina nchi yake, lina rika lake na lina sauti yake. Ukilichukua bila hivyo vitatu bora uliache.

KABLA HUJAANZA UWE NA HIVI

Kihispania cha msingi. Kama bado unababaika na "tengo" (nina) na "estoy" (niko) nenda kamalizie huko kwanza, mtaani hakukimbii.

Kibodi ya Kihispania kwenye simu. Iweke leo, ni dakika moja tu kwenye mipangilio. Bila herufi ñ utaaibika, maana "año" ni mwaka na "ano" ni tundu la haja kubwa. Ukimwandikia mtu "tengo 25 anos" soma tena umemwambia nini.

Mtu mmoja wa nchi unayoitaka, wa rika lako, ambaye hatachoka kukujibu "hili naweza kumwambia nani?" Mtu huyu ana thamani kuliko video zote.

Kamusi. Ipo moja inaitwa Diccionario de americanismos, ilitolewa na vyuo vya lugha vya nchi za Kihispania mwaka 2010, iko bure mtandaoni na kila neno limeandikiwa linatumika nchi gani. Ile kamusi ya RAE, yaani chuo cha lugha cha Uhispania kule Madrid, nayo ni bure, ukiona pameandikwa "malson." au "vulg." jua hapo ni matusi au lugha chafu, "coloq." ni ya maongezi tu, na "despect." ni ya dharau.

Daftari, la karatasi au la kwenye simu. Kila neno jipya andika: nani kasema, kamwambia nani, nchi gani, na waliosikia walifanyaje. Maana ya neno iandike mwisho.

HATUA

1. Chagua nchi moja. Moja tu. Najua unataka zote, lakini mtu anayechanganya "tío" ya Uhispania na "wey" ya Meksiko na "che" ya Ajentina kwenye sentensi moja anasikika kama redio inayoruka masafa. Chagua kwa kuangalia unaongea na nani kila siku. Uko Marekani, jikoni au kwenye maghala, mara nyingi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Unaenda kusoma Ulaya, Uhispania. Uko Kenya na uliwazoea wale madaktari wa Kuba walioanza kuja 2018 hadi mpango wao ukasitishwa 2023, basi Kuba. Unafanya biashara Malabo, hiyo ni Guinea ya Ikweta na Kihispania chao kiko karibu zaidi na cha Uhispania. Ukimaliza miezi kadhaa na nchi moja, ya pili inaingia kirahisi.

2. Nyoosha matamshi kwanza. Hapa Mswahili una bahati kubwa, irabu zao ni tano na ni zile zile zetu, ñ ni "ny" yetu, "ch" ni "ch", j ni kama "kh" ya kheri, na z ya Madrid ni "th" ya thamani. Wazungu wanahangaika miaka na hayo. Kwahiyo usishtuke ukisikia mtu anamtambulisha shemeji yake kuwa ni "cuñado", ni kunyado, jikaze tu usicheke.

Kinachotuponza sisi ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, sasa ukilipeleka hilo kwenye Kihispania unaharibu. "Mamá" mkazo mwisho ni mama. "Mama" mkazo mwanzo ni titi, na pia ni "ananyonya", na hicho kitenzi cha kunyonya mtaani kina maana chafu karibu kila nchi. "Papá" ni baba, "papa" ni kiazi. Kaza pale penye alama, alama ile haijawekwa kama pambo.

Ajentina na Urugwai ll na y zinakuwa "sh": "calle" ni kashe, "yo" ni sho. Na kwa "wewe" hawasemi "tú", wanasema "vos", vitenzi vinahamisha mkazo. Kumbuka Messi baada ya robo fainali na Uholanzi tarehe 9 Desemba 2022 kule Qatar, katikati ya mahojiano anamgeukia mtu: "¿Qué mirás, bobo? Andá pa' allá." Unatazama nini wewe zuzu, nenda huko. Kitabu cha shule kingeandika "miras". Na "bobo" ni tusi la kitoto kabisa, ndio maana watu walilipenda wakaliweka kwenye vikombe na fulana.

3. Anza na neno la mshkaji. Usianze na matusi. Kila nchi ina neno moja la kuitana ambalo linafungua mlango, na ukilisikia unajua huyu katoka wapi hata kabla hajataja. Uhispania "tío" na "tía" (ni mjomba na shangazi kwenye kamusi ila vijana wanaitana hivyo). Meksiko "güey", watu wanaandika wey. Kolombia "parce". Venezuela na Ekuador "pana". Peru "causa". Kosta Rika "mae". Kuba "asere". Ajentina "che" ya kuita na "boludo" ya kuitana. Chile "weón".

Hayo mawili ya mwisho uyasikilize kwanza usiyatumie. "Boludo" kati ya marafiki ni mshkaji, kwa dereva aliyekuchomekea barabarani ni fala, kinachotofautisha ni sauti. "Weón" ya Chile nayo ni mshkaji, ni mtu yeyote yule, na ni mjinga, zote tatu zinaweza kupita kwenye sentensi moja. Kolombia vijana, wavulana kwa wasichana, wanaitana pia "marica", lakini neno lenyewe ni tusi kwa mashoga, na ukivuka mpaka nalo ni tusi moja kwa moja. Liache kwa wenyewe.

4. Beba maneno ya kila siku. Haya ndio yatakayokufanya uelewe maongezi, kuliko matusi yote. "Poa" ni "guay" Uhispania, "chido" au "padre" Meksiko, "chévere" sehemu kubwa ya Kolombia, Venezuela na Peru, "bacán" Chile, "tuanis" Kosta Rika, "copado" Ajentina. Hela ni "pasta" Uhispania, "lana" Meksiko, "plata" karibu Amerika ya Kusini yote, "guita" Ajentina. Kazi ni "curro" Uhispania, "chamba" Meksiko na Peru, "laburo" Ajentina, hilo limetoka Kitaliano na wahamiaji walioingia Buenos Aires mwishoni mwa miaka ya 1800.

Basi la abiria Kuba, Puerto Rico na visiwa vya Canaria ni "guagua", lakini Chile na Bolivia "guagua" ni mtoto mchanga. "Tinto" Uhispania ni divai nyekundu, Kolombia ni kahawa nyeusi, ukiletewa kikombe saa mbili asubuhi usikatae. "Ahorita" ya Meksiko inaweza kuwa sasa hivi au baadaye au kamwe, sisi wa "nakuja sasa hivi" hiyo tunaielewa bila mwalimu.

Na kuna kitu watu wetu watakipenda. Buenos Aires fujo au vurugu inaitwa "quilombo", neno la Kimbundu cha Angola lililovuka bahari na watumwa, sikiliza hiyo ki- ya mwanzo. "Milonga", ile ngoma yao, asili yake ni huko huko, maana yake maneno, na sisi tunasema kulonga. Halafu wana mtindo wa kugeuza silabi, "café" inakuwa "feca", "amigo" inakuwa "gomía", yaani ni kinyume kile kile tulichochezea utotoni.

5. Ingia kwenye matusi kwa kutumia yaliyolainishwa. Hii hatua watu wengi wanairuka na ndiyo inayookoa. Kila tusi kubwa lina ndugu yake mpole ambaye hata mbele ya wazee anapita. "Mierda" (mavi) linalainishwa kuwa "miércoles", yaani Jumatano. "Hostia" ya Uhispania, ambayo ni ile mkate mtakatifu wa misa, inakuwa "ostras". "Joder" (tusi la kufanya mapenzi) inakuwa "jolín". "No mames" ya Meksiko (kile kitenzi cha kunyonya, wakimaanisha "acha utani") inakuwa "no manches". "La puta" (malaya) ya Ajentina inakuwa "la pucha". Jikoni utamsikia mpishi wa Puebla, Meksiko, siku nzima anasema "no mames", mke wa bosi akiingia tu mlangoni inageuka "no manches" bila hata kukata sentensi. Ukiweza kugeuza hivyo na wewe, hapo ndio umeanza kuijua lugha.

Tumia hizi laini kwa miezi yako ya kwanza. Hakuna atakayekushangaa, na ukikosea nchi madhara ni madogo.

6. Yapange makubwa kwa uzito. Fungua kurasa tatu kwenye daftari.

Ya kwanza ni matusi ya kushangaa, hayamlengi mtu. Uhispania "joder" na "coño" ziko hapa ingawa asili yake ni chafu, watu wazima wanayasema wakiangusha ufunguo. "De puta madre" kwao ni sifa, yaani safi sana. Meksiko "pinche" ni kama kusema "hiki kidubwasha cha ovyo", inakaa mbele ya jina la kitu, pinche trafiki, pinche baridi. Uhispania "pinche" ni msaidizi wa jikoni, kazi halali kabisa.

Ya pili ni ya kumwita mtu. "Gilipollas" Uhispania, "pendejo" Meksiko, "pelotudo" Ajentina, yote ni fala au zaidi kidogo. Angalia "pendejo" Ajentina mara nyingi ni kijana mdogo tu, dogo. "Cabrón" Meksiko linaweza kuwa sifa, fundi hatari, au tusi la kupigana, na tofauti ni sauti na macho.

Ya tatu ni ya mama. Hapa simama. Sisi tunajua tusi la mama lina uzito gani, na kwao ni hivyo hivyo. "Hijo de puta" kila mahali, "la concha de tu madre" Ajentina, na Meksiko "chinga tu madre" ndilo la mwisho kabla ya ngumi. Meksiko wamelibebesha hilo neno "madre" mambo mengi mno: "me vale madre" sijali, "ni madres" ng'o, "desmadre" vurugu, "a toda madre" safi kabisa. Ndio maana ukitaka kumuulizia mtu mzazi wake kwa heshima huko sema "tu mamá", au "su mamá" kama ni mkubwa, usiseme "tu madre", mtu anaweza kukukazia macho wakati wewe ulikuwa unamjulia hali mzee wa watu. Ukurasa huu wa tatu ni wa kuelewa tu. Sijaona mgeni aliyeutumia ikamwendea vizuri.

7. Kariri mabomu. Haya ni maneno ya kawaida kabisa nchi moja na machafu nchi nyingine, na utayasema bila kujua.

"Coger", Uhispania ni kuchukua au kupanda basi. Meksiko, Ajentina na nyingi nyingine ni kufanya mapenzi, kwa lugha ya mtaani. Sema "tomar", ni salama kote.

"Concha" ni kombe la baharini. Uhispania ni jina la mwanamke, Meksiko ni mkate mtamu wa kifungua kinywa, Ajentina, Chile na Peru ni sehemu za siri za mwanamke.

"Bicho" ni mdudu, ila Puerto Rico ni uume. Sema "insecto".

"Papaya", Kuba hasa Havana ni sehemu za siri za mwanamke, papai lenyewe sokoni wanaliita "fruta bomba". Kolombia nako "no dar papaya" ni usijiweke wazi kwa wezi, ushauri utakaoupata siku ya kwanza tu.

"Pajero". Ile gari tunayoijua wote. Kwa Kihispania ni mtu anayejichua, ndio maana Mitsubishi nchi za Kihispania waliiuza kwa jina la Montero.

"Estoy caliente", hujasema unasikia joto, umesema una nyege. Joto ni "tengo calor".

8. Jua maneno yanayohusu ngozi yako. Hili naliandika kwa sababu wengi wanaumia kimya kimya. Utaitwa "negro", "negrito", "moreno". Ajentina, Urugwai, Kolombia na visiwa vya Karibea watu wanaitana "negro" au "mi negra" kwa upendo, hata mtu asiye mweusi kabisa, kama mwimbaji Mercedes Sosa alivyoitwa La Negra. Lakini neno hilo hilo linatumika kudhalilisha, na wewe una haki ya kutolipokea. Mchezaji Luis Suárez alimwita mpinzani wake uwanjani Patrice Evra hivyo Oktoba 2011, akafungiwa mechi 8 Uingereza na faini pauni 40,000. Mchezaji wa Urugwai Edinson Cavani 2020 alimjibu rafiki yake mtandaoni "gracias negrito", akafungiwa mechi 3 na faini pauni 100,000, na chuo cha lugha cha Urugwai kikatoa tamko la kupinga. Kwa maoni yangu kesi mbili hizo hazifanani, moja ni kwenye ugomvi na nyingine ni kwa rafiki, na hivyo hivyo ndivyo utakavyopima wewe: nani kasema, kwa sauti gani, mko kwenye nini.

"Mono" ni nyani. Uhispania pia ni "kizuri, cha kupendeza" kwa mtoto au nguo, Kolombia ni mtu mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Lakini likirushwa kwa mtu mweusi uwanjani halina maana ya pili. Tarehe 21 Mei 2023 pale Mestalla, Valencia, ndilo mashabiki walilomrushia Vinícius Júnior wa Real Madrid, na Juni 2024 mashabiki watatu wakahukumiwa miezi 8 jela, hukumu ya kwanza ya aina hiyo Uhispania kwa ubaguzi uwanjani. Ukiambiwa "wanatania tu" kumbuka hiyo.

Ukitaka kumwambia mtu akome kwa adabu: "No me llames así, por favor." Akiendelea: "Eso no me gusta." Sentensi fupi, bila tusi, na uso mkavu.

9. Sasa jaribu. Neno moja kwa wiki, kwa yule mtu wako mmoja, muulize kwanza "¿esto suena raro si lo digo yo?", yaani nikisema mimi hili linasikika vibaya? Akisema sawa, lipeleke kwa kundi.

MAKOSA YANAYORUDIWA SANA

Kujifunzia kwenye tamthilia za wauza unga. Lugha ya majambazi wa Medellín, Kolombia, ukiipeleka ofisini Bogotá utaonekana umetoka jela. Bogotá yenyewe watu wengi wanaambiana "usted", yaani "wewe" ya heshima, hata ndani ya familia.

Kumwongelesha mkubwa kama mshkaji. "Usted" kwa wazee, bosi, polisi, mama wa rafiki, hata kama rafiki mwenyewe anamwambia mama yake vingine. Yule ni mama yake.

Kutafsiri matusi yetu neno kwa neno. Hayaendi. Wanabaki wanakutazama.

Kutumia kikali ili ukubalike haraka. Inafanya kinyume, "no manches" iliyokaa mahali pake inakupa marafiki wengi kuliko tusi la mama lililotamkwa vibaya.

UKIKWAMA

Umesema kitu watu wote wakacheka au wakanyamaza: uliza pale pale "¿dije una grosería?" Neno la matusi lenyewe linabadilika, Uhispania ni "tacos" (ndio, kama chakula cha Meksiko), Chile "garabatos", Peru "lisuras", ila "grosería" watakuelewa kote.

Mtu amekasirika kweli: "Perdón, no sabía lo que significaba." Usieleze zaidi, usicheke, na usilirudie neno ili kuuliza maana yake. Maana utamuuliza mtu wako baadaye.

Kazini wako wa nchi tano tofauti: tumia Kihispania cha kawaida na maneno ya nchi yako moja ukiwa na watu wa nchi hiyo. Wenyewe wanafanya hivyo.

Hujui kama wanataniana au wanagombana: angalia miguu na mikono, sio maneno. Wanaotaniana wanasogeleana na wanaendelea na kazi. Wanaogombana wanasimama, na mara nyingi matusi yanapungua badala ya kuongezeka, wanaanza kuitana "usted". Ukisikia hiyo "usted" ghafla kati ya washkaji, toka hapo katikati.

Wachile huwashiki kabisa: hata wanaoongea Kihispania wa nchi nyingine wanalalamika. Wanakula s za mwisho, wanaweka "po" mwisho wa kila kitu na "cachai" ni "unanipata?" Sikiliza video fupi ile ile mara nyingi kwa spidi ndogo, andika unachosikia kwa tahajia ya Kiswahili, afu mpelekee mtu wa Chile akusahihishie.